Damu ya shemeji kwenye mtihani

Shosti, bado nina hasira.

Leo si tulikuwa na mtihani wa uzamili wa tiba ya dharura, ule wa kuokoa majeruhi barabarani? Nikamwomba shemeji aje aigize kaumia. Kuingia tu kwenye lile gari bovu la mazoezi, bati likamchana paja kweli.

Ananiambia, "Shem, hii damu si ile ya rangi."

Mwalimu anacheka. "Huyu anaigiza vizuri. Nenda kwa majeruhi mwingine."

Anaigiza vizuri. Na damu inaruka.

Nikamkaza paja kwa mkanda, nikaita gari la wagonjwa. Shemeji kashonwa, yuko salama. Mimi nimefelishwa, eti nimevuruga zoezi.

Sasa dada anauliza nani kamchezea mumewe. Nimempa namba za mwalimu, zote mbili.