Mlango Uliokataa Kufunga

Jumanne hii asubuhi, ndugu yangu, mlango wangu umekataa kufunga. Nikadhani mbao imevimba. Kumbe ukuta ndio umelala upande.

Unaijua jadi ya wakwe zangu: kila kizazi kinapandisha ghorofa yake juu ya nyumba ya babu, kinapangisha. Marehemu mke wangu naye alipandisha. Sasa mtoto wa shemeji, bosi mpya wa nyumba, anamwaga zege la ghorofa ya nne.

Nimemwonyesha ufa. Akacheka. "Mjomba, huo uzee tu. Paka rangi."

Paka rangi. Ufa unameza mkono wangu, yeye anasema paka rangi.

Nimetoka nje. Juu watoto wa wapangaji wanarukaruka. Nimewauliza wakwe wenye nyumba: babu alichimba msingi wa kubeba ghorofa ngapi?