Bia Nyeusi Niliyoinywa Mahali Pako

Baba Kendi,

Nimekaa hapa nje kwa kile kiti chako kifupi cha mlangoni, na daftari ya zamani ya Kendi iko juu ya magoti. Ni Jumapili asubuhi na sijaenda kanisani. Ninaandika ndio nijue kama macho yangu bado yanaona mistari. Huu mstari ninauona. Na huu pia ninauona.

Usicheke maandishi. Unajua niliishia darasa la nne, na hata hilo la nne sikumaliza.

Jana nilikunywa pombe. Mimi, niliyesema mbele ya jeneza lako, watu wote wakisikia, kwamba pombe haitavuka mlango wangu mpaka siku nitakayotolewa mimi. Nimekunywa. Na mtoto wetu alikunywa kabla yangu, na mpaka sasa amelala. Nimeenda mara tatu kuweka sikio kwa mlango. Anapumua. Lakini hata wewe ulikuwa unapumua.

Ulirudi ile jioni umekunywa, ukiwa na furaha, ukala, ukalala vizuri. Asubuhi ukasema kichwa kinauma, nikakutoa hapa nje upate hewa, nikakuletea uji. Ilikuwa saa nne. Ukaniambia, "Mama Kendi, mbona leo hujafungua dirisha?" Na ulikuwa umekaa kwa jua, Baba Kendi! Jua lilikuwa linakupiga usoni, na uji uko mkononi, na unaniuliza habari ya dirisha. Siku ya tatu ukaenda, wewe na wale wawili mliokunywa nao kule chini kwa mto.

Tangu hapo mimi hufungua dirisha ya chumba chetu kabla sijawasha hata moto. Mvua iwe, baridi ya milima ya Nyambene iwe, mimi nafungua. Leo sijafungua kwa sababu Kendi ndiye amelala humo. Ninaogopa nikifungua aniulize mbona sijafungua.

Wacha nikuambie ilivyokuwa, maana wewe hukuwa.

Kendi alienda Uingereza kutunza wazee. Wewe ulimwacha na sare ya shule, sasa ni mama mzima, anavaa miwani. Huko amepata bwana, anaitwa Tomasi, mzungu mrefu ambaye jua la hapa Laare limemchoma masikio mpaka yamekuwa kama nyanya. Ni mtu wa adabu. Amelala huko kwa ndugu yako Mbaabu, maana mkwe hawezi kulala kwangu, na hilo alielezwa mara moja tu akaelewa. Akiniona anainamisha kichwa, na mimi ninaangalia kando, hatusemezani mengi. Hayo uyakumbuke, maana ndiyo yaliniponza.

Alipoambiwa kwamba kwetu mtu akija kuomba msichana huleta pombe, hakuenda kununua kreti ya bia mjini Meru. Alisema ataleta ya kwao, ile babu yake alikuwa akinywa kila jioni akitoka kulima viazi, mpaka akazeeka akaota meno mengine. Hiyo ya meno ni Mbaabu ameongeza. Akazibeba chupa kwa begi, kila chupa ndani ya soksi. Kendi akaziweka kwa stoo yangu. Sikukataa. Ningekatalia vipi pombe ya harusi ya mtoto?

Lakini nilipoinua moja nikaiangalia kwa mlango, nikaona ni nyeusi. Nyeusi kabisa, kama maji ya kuloweka njahi, yale maharagwe meusi. Ile yako ilikuwa nyeupe kama maji ya kisima na bado ilikuficha kilichokuwa ndani. Sasa hii nyeusi, nani ataona kitu humo?

Ijumaa, Kendi akiwa ameenda sokoni, nilifungua chupa moja kwa kijiko. Nikamimina kidogo kwa kifuniko cha kopo, nikampa yule kuku wa madoadoa. Akanywa. Akatikisa kichwa. Akanywa tena, yule kuku! Halafu akaenda chini ya ghala, akakaa, akafumba macho. Nikakaa hapo na yeye, ninamwambia, "Amka, mama, amka," mpaka nikaona mbuzi wanarudi nyumbani. Ndipo akainuka, akajipangusa, akamfukuza mwenzake, akaenda zake. Nikarudisha kizibo cha chupa nikakikandamiza kwa kiganja, chupa nikaificha nyuma ya zingine. Lakini sikutulia. Kuku si mtu.

Jana watu wakaja. Mbaabu alikaa mahali ungekaa wewe, na koti yako, ile ya kahawia. Tomasi akaenda stoo kuleta chupa zake. Akakaa huko kidogo. Akatoka ameshika ile moja iliyofunguliwa, anacheka uso wote, akamwambia Kendi kitu kwa Kizungu huku ananiangalia mimi. Kendi akashika mdomo. Akaniangalia pia, na macho yamejaa maji.

Walifikiri ni mimi nimeionja! Walifikiri nimeingia stoo peke yangu, nikaisamehe pombe, nikaionja kwa siri. Na ningesema nini? Ningesimama mbele ya wazee na mkwe, niseme, hapana, nilimpa kuku kwanza nione kama atakufa? Nikatengeneza kitambaa changu cha kichwa.

Tomasi akaanza kumimina. Analaza glasi, anamimina polepole kwa ukuta wake, anangoja povu litulie, anamimina tena. Wazee wakachoka. Mbaabu akasema, "Huyu anatupimia dawa ya kikohozi ama anatupatia pombe?" Tomasi akaambiwa maana yake, akacheka, akasema hii haitaki haraka, na haitaki friji. Hapo wazee wakampenda, maana hata muratina yao ya asali haiwekwi kwa friji. Mbaabu akaangalia ndani akasema, "Hii ni chai ya rangi iliyokasirika." Lakini kabla ya kuonja akamwaga kidogo chini, akasema, "Hii ni ya ndugu yangu."

Baba Kendi, nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumshika huo mkono. Msimpe tena! Ndiyo iliyomuua, na nyinyi mnamfuata nayo hata huko?

Niliangalia tu ule udongo ukinywa.

Halafu wakamimina kwa pembe ya baba yako, wakamwita Kendi. Wakamuuliza mara tatu kama hiyo pombe inywewe. Mara tatu akasema, "Inyweni." Akaweka pembe mdomoni akameza, na mimi nikaona shingo yake ikimeza. Unajua desturi, msichana akishaonja anapelekea baba yake, baba akinywa ndio amekubali. Mbaabu alikuwa ameshapangusa mdomo, amenyoosha mkono. Kendi akampita. Akaja mpaka kwangu, akapiga goti na ile nguo nzuri kwa vumbi, akasema polepole, "Nimesikia umeshaionja, Mama. Basi unywe mahali pa Baba."

Mama Makena wa kikundi chetu cha kanisa aliangalia viatu vyake.

Nilimwangalia mtoto wangu midomo imelowa. Nikajiambia, yeye ameshameza. Kama kuna kitu humo, kimeshaingia ndani yake. Ni afadhali twende wote wawili, nisibaki tena hapa kwa hiki kiti nikiulizwa habari ya dirisha. Nikazungusha pembe mpaka pale midomo yake ilikuwa, nikanywa hapo hapo.

Na sasa nitakuambia kitu ambacho hata kwa maombi sijakisema.

Ilikuwa tamu.

Si tamu ya soda. Ilikuwa kama uji wa wimbi ulioshika chini ya sufuria, ule ukoko mweusi ambao wewe ulikuwa ukinikataza kuosha. "Wacha hapo, hiyo ni yangu," ndivyo ulikuwa ukisema, unaukwangua na kijiko mpaka sufuria inalia. Ilikuwa na huo uchungu wa kuungua, halafu nyuma yake sukari nguru, halafu kama kahawa ikikaangwa. Ikashuka polepole na joto kidogo. Mabega yangu, haya ambayo yamekaa juu karibu na masikio tangu ulipoenda, yakashuka. Nilikusikia wewe karibu, na kijiko.

Nikanywa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa ya desturi. Ya pili hakuna mtu aliniambia ninywe. Mbaabu akaona, akasema, "Shemeji, achia na wenye koo," watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilicheka na pembe mkononi, Baba Kendi.

Ndiyo maana ninaogopa sana. Ninaogopa macho yangu, ninaogopa ya Kendi zaidi. Na ninaogopa kwamba niliipenda. Miaka hii yote nimekuwa nikikuuliza, nikilima nakuuliza, nikikamua mbuzi nakuuliza, ulikuwa unatafuta nini kule mtoni, ulikosa nini hapa nyumbani. Nilikuuliza kwa hasira. Sijawahi kung'oa nyasi kwa kaburi lako kwa mkono wangu, huwa natuma watu. Na jana kwa mara mbili tu za kumeza nikajua mabega ya mtu yanaweza kuchoka, na yanaweza kushuka.

Sasa ninasikia ngoma ya kanisa. Ibada ya pili inaanza. Ni saa nne, Baba Kendi. Ninaandika polepole. Mstari ninauona. Yule kuku wa madoadoa ninamwona, anachakura kwa mlango wa stoo, hana aibu. Kule kwa Mbaabu ninaona moshi.

Kwa Kendi kimya.

Kitanda kimelia. Ninasikia miguu. Siwezi kugeuka kuangalia, ninaangalia daftari tu. Mungu wangu.

Amefungua dirisha mwenyewe. Amelisukuma mbao zimegonga ukuta, na amesema, "Woi, Mama, hili jua! Linaumiza macho!" Amefunika uso na mikono yote miwili, na anacheka.

Machozi yamelowesha karatasi hapa, kama huwezi kusoma ni hayo tu, si kitu kingine.

Nitamwambia habari ya kuku, leo hii hii, tukinywa chai. Ile ya mtoni nitaendelea kuilaani mpaka nife, na hii nyeusi chupa zilizobaki nitampa Mbaabu. Lakini wewe sitakuuliza tena ulikuwa unatafuta nini. Kesho nitakuja na jembe langu mwenyewe, ning'oe hizo nyasi, na nitakubebea uji ule wa chini.

Lala, Baba Kendi. Dirisha liko wazi.

Ni mimi,
Mama Kendi