Kisu Kinachosema Fyu

Mpendwa Shangazi Kageha,

Naomba msaada, ingawa hapa Kaloleni mimi ndiye huombwa msaada, uliza mtu yeyote. Mimi ni mkusanyaji wa visu vya kukunja, vile vya mfukoni vya mpini wa pembe la ng'ombe, na kama kuna mtu kutoka hapa mpaka Pap Onditi ananishinda kujua kisu, basi hajazaliwa, ama alizaliwa akaona haya. Visu vyangu nimevilaza kwa mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, vikiwa vimepakwa mafuta, na mkubwa wao alitoka mkononi mwa marehemu Mzee Oketch wa Katito, fundi ambaye akifunga kisu Katito, kuku wa Kendu Bay wanaruka. TAK! Tangu Oketch alale sisi wakusanyaji ni mayatima, kila Jumapili tukitoka kanisa tunakutana nyuma ya duka la mwenzetu Kangethe, tunafungua na kufunga visu karibu na sikio, tunasikiza, tunamuuliza Mungu, ni nani atatengeneza ingine?

Sasa Benta, binti wa marehemu ndugu yangu, ambaye mimi ndiye baba yake siku hizi, akaleta kijana anaitwa Wakhisi, fundi wa chuma wa kuchomelea mageti, ati wanataka kuoana. Kuona tu ile mikono nikatangazia wenzangu kwamba Oketch amefufuka na anaingia kwa boma yangu kama mkwe. Kangethe akapeleka koti ishonewe mfuko ya ndani, ya kubebea kisu ambayo hata haijatengenezwa. Nikamwambia Wakhisi, siku wazee wako wanakuja kuzungumza mambo ya mahari, kuja na kisu, nikiikubali nimekukubali na wewe.

Wakaja. Nikachukua kisu ya kijana, nikaweka kwa sikio, nikafunga. Shangazi, ilisema fyu. Fyu! Kama mzee anapuliza chai. Kangethe akaomba asikie, akanirudishia akitingisha kichwa, "Mzee, hii hata mlango wa kanisa inaishinda sauti." Nikamwambia Wakhisi mbele ya watu wao, "Kijana, wewe endelea na mageti." Akanijibu pole pole, "Baba, si ukate nayo kitu kwanza?" Kukata! Nani alimwambia kisu ya kukusanya inakata?

Lakini nisionekane naogopa, nikatoa Oketch yangu, nimwonyeshe ukali kwa mbuta ambayo Dorca bibi yangu alikuwa anatayarishia wageni. Hiyo samaki, Shangazi, kichwa ilikuwa jikoni na mkia inasalimia jirani. Nilidunga mara moja, kisu ikajifunga yenyewe na kidole yangu ndani, TAK, watu wote wakasikia. Umeona ukali wa Oketch? Dorca hata hakunipa pole. Akasema, "Baba Walter, toa damu yako kwa samaki ya watu," akachukua ile fyu, akapasua mbuta kutoka shingo mpaka mkia, wageni wakala. Kisu hajarudisha mpaka leo.

Sasa wazee wa Wakhisi walienda bila jibu, Benta haniongeleshi, na wenzangu wanasema nikikubali nimeharibu jina ya Oketch. Nimwambie kijana atengeneze ingine mpaka ilie, ama nimtafutie Benta fundi mwingine mwenye sikio?

Ni mimi,
Sikio la Visu, Kaloleni

Sikio la Visu,

Pole kwa kidole. Pole yangu imeishia hapo.

Nilisoma barua yako nikicheka, kisha nikamkumbuka Benta nikaacha. Msichana hana baba, wewe ndiye mlango wake, na wewe umeufunga ili usikie unaliaje! Fundi mliyekuwa mkimwomba kwa Mungu kila Jumapili ameletwa mpaka sebuleni, mkamfukuza kwa kosa la kutengeneza kisu kisichopiga kelele. Kelele ya nini tena? Wewe na Kangethe mnatosha Kisumu nzima.

Acha nikuambie jambo ambalo hata kidole chako kinalijua. Kisu cha Oketch kinajifunga chenyewe kwa sababu springi yake imechoka na msumari wake umelegea. Marehemu alikitengeneza kikate. Ninyi mkakilaza kwa mafuta kama maiti, mkakifungua na kukifunga kila Jumapili mpaka kikalegea, na ulegevu huo mkauita muziki. Sasa unataka kijana wa watu akutengenezee uzee? Uzee hautengenezwi, bwana, unakuja wenyewe. Jiangalie.

Benta hutamtafutia mtu. Amepata. Nenda wiki hii kwa wazee wa Wakhisi, wewe mwenyewe, usitume mtu, na hicho kidole kikiwa bado kimefungwa kitambaa wakione. Nenda na Dorca, umwache azungumze, maana katika nyumba yenu ni yeye peke yake aliyekijaribu kisu. Waombe warudi. Siku wakirudi, mpe Wakhisi Oketch yako aikaze mbele ya wenzako wote, na ikisema fyu, nawe nyamaza vivyo hivyo.

Kile kipya usikidai. Kiko jikoni, kinakata. Kangethe atatia njugu kwa ule mfuko wake.

Shangazi Kageha