Vifurushi Tisa na Jogoo

Kidawa mjukuu wangu, uji umo jikoni. Mbuzi wafunge, wasile mihogo.

Na wewe, mume wangu Abilahi. Tangu tuhamie kijiji hiki sijapumzika. Safari ya kwa dada yangu, mtaa wa Rasbura kule Lindi, niliwaambia wawili tu: balozi wa nyumba kumi, aniandikie barua ya ruhusa ya kusafiri, na wewe. Ukaitangaza barazani! Alfajiri nimekuta mlangoni vifurushi tisa vya kupeleka Lindi, na jogoo juu.

Nimeondoka na kikapu changu tu. Jogoo nimemfunga kwenye kitanda chako. Wenye mizigo wakiuliza, mpelekaji ni wewe. Konda wa basi nitamwambia akuwekee kiti cha kesho.

~~Ukishaigawa mizigo, rudi.~~ Ukishaigawa, njoo kwa dada. Nitakuwekea wali.

Ni mimi, bibi wa nyumba hii