Hoteli Iliyofichwa Jina

Mdogo wangu,

Hujambo, na wifi hajambo? Mimi mzima, ila huu mtandao wa hoteli ulionielekeza nusura unitie wazimu.

Uliposema kwako kumejaa wakwe, hakuna hata pa kutandika mkeka, nikakubali yaishe. Nikashika simu. Kumbe hoteli za bei nafuu huko hufichwa majina: unataja bei yako, wakikubali unalipa kwanza, ndipo unaambiwa utalala wapi! Mimi fundi cherehani, nimezoea kubishana na wauza vitambaa, nikataja nusu ya bei niliyokusudia kulipa ili tupandishane. Wakakubali papo hapo. Hata kunibembeleza hawakunibembeleza! Nikajua nimepigwa.

Na kweli. Lifti mbovu, shuka fupi, bomba linakohoa kuliko marehemu babu. Kwenye picha dirisha lilitazama bustani. Hili linatazama vyumba vya watu.

Jana asubuhi, kabla ya kwenda kwa daktari wa macho, nililifungua nipate hewa. Ng'ambo ya barabara nikaona pazia la maua ya manjano, lile nililokushonea nikakutumia ulipooa. Limevutwa pembeni. Ndani kitanda kimetandikwa vizuri, hakuna mtu. Wifi akaingia, akafuta vumbi, akafunga mlango. Nimetazama tena leo. Sijaona mkwe hata mmoja.

Daktari anasema macho yangu yamechoka. Hayajachoka kiasi hicho.

Kesho narudi nyumbani. Ukitaka kuniaga, vuka barabara tu.

Dada yako,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa