Jina Yako ku Barière

Kaka yangu Bahati,

Ni mi mudogo yako, ule ulisema atakufa akicheka. Masomo yangu iko kidogo, unajua, lakini hii barua sitatuma mutu aniandikie.

Unakumbuka mandazi ya kwanza? Tulitoka Masisi na blanketi na sufuria, tukafika huku Ntoto, batu ba musaada bakatupatia unga na mafuta. Ukaangalia bidoni ya mafuta, ukasema: "Tukiikula itaisha. Tukaange, tuuzishe." Mandazi ikatoka ngumu, mama mumoja akauliza kama iko ya kula ao ya kujengea nyumba. Tulicheka mupaka moto ikazimika.

Kisha mambo ya kodi ikaingia. Ku barière, pale batu ba bunduki banafunga njia, kila mwenye kuuzisha analipa, banamupa jeton, kale kakaratasi ka muhuri. Bila jeton haupite. Lakini comité ya musaada ilisema mwenye jeton iko muchuruzi, iko na feza yake, banamufuta ku liste, na majina inabafikia mbio. Wewe njo ulipata akili: jeton kwa jina yako, karte ya musaada kwa jina yangu, batoto yako bakule kwangu. Nilikuita ministre. Jeton yote ulikuwa unaishonea ndani ya kofia, ya zamani na ya mupya, kama medaye ya askari.

Kaka, halafu barière ikabadilisha benyewe. Bale baliingia balikuwa maadui ya bale balitoka. Siku ile ya soko ya Buleusa nilikuambia utoe mu kofia karatasi ya bale ba zamani. Ukanijibu: "Mi naogopa nini? Nimelipa." Ukaweka beseni ku kichwa, juu ya ile kofia, ukapanda njia ya pori. Haukurudia.

Batoto yako nilibaambia uko Kisangani, unasumbua batu ba kodi ya kule. Banacheka. Mi mwenyewe nilianza kuamini.

Jana mutoza kodi wa barière alikuya ku jiko yangu. Kijana wa kuchekesha, tungekutana pahali pengine angekuwa rafiki. Alikula mandazi bila kulipa, akasema hiyo njo kodi ya tumbo. Akauliza jeton aandike jina ya nani. Nikafikiria karte, nikafikiria unga ya batoto. Nikamuambia, meno yote inje: "Andika Bahati, kaka yangu. Iko mu safari."

Akaacha kutafuna. Akaangalia upande wa Buleusa.

"Huyu hapana," akasema pole pole. "Huyu halipe tena. Taja mutu mwenye iko."

Nikataja jina yangu. Akaandika, akaenda, hakunitazama tena mu macho.

Leo comité imenifuta ku liste. Mama Zawadi, muke yako, ananiuliza juu ya nini nilitaja jina yangu, si tulipatana? Nikamuambia nilijisahau. Sijamuambia ingine. Naogopa nikianza kumuambia, kinywa yangu itacheka, juu hiyo njo kazi inajua.

Siku ya soko nitapanda ile njia, na jeton moja tu, ya bale beko ku barière sasa. Batu banasema hata bale bataondoka karibuni. Hakuna mwenye anajua bakina nani batakuya, ao batapenda karatasi gani.

Pumuzika, kaka, pahali balikuacha.

Mudogo yako, mwenye sasa analipa