Aliyeitwa Hana Jina

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Ulaanbaatar. Je, baridi unaipitisha salama? Sisi huku tu wazima, Mama ni mzima, na mifugo iliyobaki bado inasimama kwa miguu yake. Barua hii anakuletea dereva wa lori la sufu. Mpe chai, maana njia ni mbaya.

Barua yako niliipata. Unasema wenzako hapo kwenye mitambo ya umeme wamekuchosha. Msimamizi akisoma majina asubuhi na kufika kwako, Nergui, lazima mmoja adakie, "Hana Jina hayupo, na hata akiwepo hatumjui!" Sasa unataka uitwe Bat-Erdene, kito imara, fomu umeshaichukua, na unauliza kama Mama ataumia. Nilitaka kukujibu kwa mzaha kwamba huku ukiita Bat-Erdene kisimani wanageuka wanaume watatu na mbwa mmoja. Lakini yametokea mambo, na hamu ya mzaha imenitoka.

Nimejifungua, kaka. Mtoto wa kiume. Unajua nilivyowapoteza wale wawili wa kwanza, ndiyo maana sikukuandikia mapema. Mama aliomba tumpe jina baya, la kuwapoteza njia pepo wanaochukua watoto: Siyo Huyu, Siyo Mtu, au Hana Jina kama wewe. Mume wangu Luvsan alikataa katakata. Alisema siku hizi tuna tabibu na redio, na mwanawe hataitwa kama takataka. Akatoka nje akawatangazia majirani: Bat-Erdene! Alipaza sauti mpaka farasi wakashtuka. Mama aliendelea kukoroga chai.

Haikupita wiki, mtoto akashikwa na homa. Alikataa ziwa, macho yakamgeuka. Luvsan alipanda farasi kumfuata tabibu makao makuu ya wilaya, na muda si muda dhoruba ya theluji ikafunga bonde lote. Nilimkumbatia mwanangu nikiona ananiponyoka. Mama alitoka, akarudi na theluji mabegani, akanitazama. "Wameshalisikia jina. Mlete."

Alimfunga kwa ngozi ya kondoo, akainua pindo la chini la hema na kumsukuma nje, kwenye theluji. Kaka, nilimrukia Mama, nusura nimng'ate mkono. Kumbe nje alikuwa anangoja jirani yetu, bibi Tsermaa. Alimwokota, akazunguka, akaingia mlangoni kama mgeni. "Jamani, nimeokota kitu njiani. Ni chenu?" Mama akamjibu kwa ukali, "Siyo chetu. Wetu alishaondoka." Kisha nikaulizwa mimi. Ilinibidi nimtazame mwanangu anayewaka moto niseme simjui. Nilisema. Sauti haikutoka vizuri, Mama akanifinya nirudie, nikarudia. "Basi kaeni nacho," akasema Tsermaa, "hakina hata jina." Nikamnyang'anya mtoto mikononi.

Luvsan na tabibu walifika kesho yake asubuhi, nyusi zimeganda barafu, mtoto akachomwa sindano. Homa ikashuka. Luvsan anaishukuru sindano, Mama analishukuru pindo la hema, mimi nashukuru vyote viwili na sitaki kubishana na mtu. Anaitwa Khunbish, Siyo Mtu, na wa kwanza kumwita hivyo alikuwa baba yake.

Sasa kaka, kaa chini. Mtoto alipoanza kunyonya nilimwambia Mama, kumbe na kaka naye alipitishwa hivi! Nilikuwa nacheka kwa furaha. Mama akaweka bakuli chini, akasema hapana. Alisema majira ya baridi yale mwanawe alikuwa amefariki, na majirani walikuwa hawajajua. Maziwa bado yalimtoka. Mwanamke mpita njia, asiyemfahamu, aliingia na kitoto mikononi, akauliza kama kuna wa kukichukua. Mama alimuuliza kinaitwa nani. Akasema hakina jina. Akanywa chai, akaondoka.

Kitoto hicho ni wewe. Majirani walipouliza, Mama alisema ni mila tu, mtoto amepitishwa chini ya hema, na hakuna aliyeshangaa. Jina zuri hakuthubutu kukupa. Aliogopa yule mwanamke angerudi siku moja na jina lako halisi, na kila mbwa walipobweka alikuficha nyuma yake.

Nililia sana. Yeye hakulia. Aliniambia nikuandikie yote, akabadili mawazo, kisha akaniambia tena niandike. Anasema uitwe upendavyo, wewe ni mtu mzima. Ombi lake ni moja. Katika majina yetu, la mzazi linatangulia la mtoto. Hilo linalotangulia lako, Dulmaa, ni lake, na anakuomba usiliguse. Ameniuliza kama sheria inakuruhusu kulifuta. Nimemwambia sijui.

Pokea salamu za Luvsan, za bibi Tsermaa na za mpwa wako. Wasalimie wenzako, hata hao wenye midomo. Mama hajatuma salamu. Amekaa tu ananitazama ninavyoandika. Ukijibu, iandike barua kwa Mama, usiniandikie mimi. Nitamsomea.

Mdogo wako akupendaye,
Narmandakh wa Dulmaa